Gitaa la umeme la mtindo wa zamani: nimeuziwa bovu, au halijapangwa tu?

#1 Mwana Ngamiani

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki tano zilizopita nilinunua gitaa la umeme lililotumika, lenye umbo la Stratocaster, kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam ambaye sioni haja ya kumtaja. Si la Fender, kampuni ya Marekani iliyobuni umbo hilo. Ni nakala ya kampuni nyingine, na muuzaji alinieleza kwamba kila kitu kimeigwa kutoka magitaa ya miaka ya 1950 na 1960. Nilikubali bei ya shilingi 480,000 kwa sababu nilipolishika mara ya kwanza nilisikia kitu ambacho gitaa langu la awali halijawahi kunipa.

Nianze na uzuri wake. Mwili ni mwepesi, naweza kusimama nalo harusi nzima bila bega kuuma. Pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya karibu na shingo ina sauti ya mviringo na tulivu, inayokaa chini ya mwimbaji bila kumfunika, na ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini, inapenya hata kinanda kikiwa juu. Mimi hupiga katika kikundi cha taarab hapa Tanga, kwa hiyo sauti safi, isiyokwaruzwa na amplifaya, ndiyo roho ya kazi yangu, na kwa upande huo gitaa hili sijaona mfano wake kwa bei niliyotoa.

Sasa kasoro zake. Waya wa tatu haushiki: nikiuvuta haurudi pale ulipokuwa, na ninapozungusha kikazio chake unatoa mlio mdogo wa “tik” kisha sauti inaruka. Kutoka freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza hadi ya tano nyuzi nene zinakwaruza. Kuanzia freti ya 12 kwenda juu, nikivuta waya wa kwanza au wa pili kutafuta ile sauti iliyo katikati ya freti mbili, ambayo nyimbo zetu zinaidai, sauti inakatika ghafla kana kwamba mtu amegusa waya kwa kidole. Nyuzi tatu nene zikikandamizwa kwenye freti ya 12 zinasoma juu, yaani sauti yake ni kali kuliko inavyopaswa. Tena kuna mvumo wa umeme ambao mwimbaji wetu ameshaanza kuulalamikia.

Fundi mmoja ameniambia nibadilishe shingo nzima. Mwingine ameniambia nibadilishe nyuzi tu. Baina ya ushauri huo na huu kuna tofauti kubwa ya fedha, ndiyo maana nimekuja kuuliza: gitaa hili ni bovu, au ni zima ambalo halijapangwa?

#2 Fundi Chumbageni

Ndugu yangu, usibadilishe shingo kabla hujaipima.

Ndani ya shingo kuna ufito wa chuma unaoizuia isipindwe na mvuto wa nyuzi. Kandamiza waya wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 17 kwa mkono mwingine, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya waya na freti ya saba. Kwa gitaa la mtindo huu panatakiwa nafasi ndogo ya takriban milimita 0.3, nayo mafundi wa pikipiki huipima kwa fila, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, bila shida. Kama waya umelala juu ya freti bila nafasi yoyote, shingo imejipinda kinyumenyume, na hapo ndipo unapotoka mkwaruzo wa freti za kwanza. Mkwaruzo wa upande wa kichwa mara nyingi maana yake ni hiyo.

Sababu naiona wazi. Gitaa limetoka dukani penye kiyoyozi, likaingia Tanga wakati wa masika, karibu na bahari. Mbao imekunywa unyevu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kwenye magitaa yaliyofuata vipimo vya zamani, kichwa cha ufito huo hakipo upande wa vikazio bali kimejificha chini ya kitako cha shingo. Ili ukifikie sawasawa unalegeza nyuzi, unafungua skrubu nne za nyuma na kuitoa shingo, unazungusha robo mzunguko tu, unarudisha kila kitu, unakaza nyuzi, ndipo unapima. Ukikosea unaanza upya. Kazi hiyo hula alasiri nzima, na asiyeijua huishia kuilazimisha skrubu hadi ikakatikia ndani.

#3 Solo la Zamani

Mwanangu, nimesoma ulivyoeleza na nakushukuru kwa kueleza kwa utaratibu. Lakini kijana wangu wa Chumbageni amekimbilia shingo wakati ugonjwa umekwisha kujitaja kwa jina.

Ule mlio wa “tik” unatoka kwenye kizingiti, yaani kile kijiti chenye mifereji sita ambapo nyuzi hupita kabla ya kufika kichwani. Mfereji wa waya wa tatu ni mwembamba kuliko waya wenyewe, kwa hiyo waya unang’ang’aniwa. Unapozungusha kikazio mvuto unajilimbikiza upande wa kichwa, halafu unaachia kwa mpigo. Unapouvuta kwa kidole, waya unatambaa kidogo kupita kizingiti na haupati njia ya kurudi. Hilo halihitaji shingo mpya.

Nilianza kushika gitaa enzi ambazo mji huu ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na taarab ya Tanga ilikwisha kuingiza gitaa la umeme na besi kupitia Black Star. Nyuzi zilikuwa adimu mno. Niliwahi kutumia uzi mmoja mmoja uliofumuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli, na tulijifunza kwa uchungu kwamba kila unapobadilisha unene wa waya, kizingiti nacho kinataka kutazamwa. Paka unga wa penseli laini kwenye mfereji huo, upige siku mbili, kisha utujulishe. Na tuambie umefunga nyuzi za unene gani.

#4 Mwana Ngamiani

Shikamoo mzee wangu, na asante. Lilikuja na nyuzi nyembamba, zile zinazoanzia 9, yaani waya wa kwanza una unene wa elfu tisa za inchi. Nikafunga seti ya 10 hadi 46 kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, na kwa kuwa nyuzi nyembamba sana zinanipotezea uzito wa sauti. Fundi Chumbageni, nimejaribu kipimo chako kwa macho, kwa kuwa sina fila: nafasi ipo, ila ni ndogo kama unene wa karatasi.

#5 Mhandisi Sauti

Hapo ndipo penye kiini, na naomba nisikilizwe kwa utulivu.

Seti ya 9 hadi 42 ikikazwa kwa sauti ya kawaida huvuta kwa jumla ya takriban kilo 38. Seti ya 10 hadi 46 huvuta takriban kilo 46. Umeongeza kilo nane hivi. Daraja la aina hii limeshikwa na skrubu sita upande wa mbele, na kwa nyuma linavutwa na springi zilizofichwa chini ya kifuniko cha mgongoni. Likirekebishwa kuelea, hukaa pale ambapo mvuto wa nyuzi unalingana na mvuto wa springi. Ongeza mvuto upande mmoja tu na daraja litainuka upande wa nyuma. Likiinuka, vikalio vya waya, vile vipande vidogo vinavyobeba kila waya darajani, vinainuka nalo na kusogea mbele kidogo kuelekea shingo. Waya ukiwa juu zaidi unalazimika kunyooshwa zaidi unapoukandamiza, na njia yake ikiwa fupi kuliko inavyostahili, freti ya 12 inasoma juu. Kasoro yako ya nne imeelezeka yote bila kugusa shingo wala kizingiti.

Fungua kifuniko cha nyuma utuambie springi ni ngapi, na upime nafasi iliyopo kati ya mwili na ukingo wa nyuma wa daraja.

#6 Binti Usambara

Nina swali dogo kwa Fundi Chumbageni. Mimi niko Lushoto, na gitaa langu liliposhuka Tanga mjini kwa miezi miwili shingo ilijipinda kuelekea mbele, si kinyumenyume, na nyuzi zikawa juu. Mbona unasema unyevu hufanya kinyume?

#7 Fundi Chumbageni

Dada, inategemea ni upande upi wa shingo unaokunywa unyevu zaidi. Mara nyingi mgongo wa shingo umepakwa vanishi na ubao wa vidole umeachwa wazi. Ubao ukivimba nao mgongo ukabaki vilevile, shingo inasukumwa kinyumenyume. La kwako huenda lina ubao wa vidole uliopakwa vanishi pia, au ufito wake ulikuwa umelegea tangu mwanzo.

#8 Binti Usambara

La kwangu halina vanishi kwenye ubao wa vidole. Jibu nimelisikia, lakini halijaniridhisha.

#9 Kijana wa Bagamoyo

Salaam kutoka Bagamoyo. Bahari ni ileile na kutu ni ileile.

Mimi ningeanza na zile skrubu sita za daraja. Wengi hununua gitaa hili la mtumba likiwa limekazwa skrubu zote sita hadi mwisho, na daraja likikazwa hivyo haliwezi kubembea. Linakwama, linarudi nusu, na nyuzi zote zinahama. Legeza zote kidogo, kisha uziache mbili za pembeni zibebe kazi, nazo nne za kati ziwe juu kwa upana wa unywele. Hapo tu ndipo uhukumu springi.

Nakumbuka pia kwamba Stratocaster ya kwanza ya mwaka 1954 ilikuja na swichi ya nafasi tano, kwa hiyo kama lako lina nafasi tatu si nakala ya kweli.

#10 Mhandisi Sauti

Kwa skrubu nakuunga mkono. Kwa swichi naomba nikusahihishe, ndugu: ya mwaka 1954 ilikuwa na nafasi tatu, na ya nafasi tano haikuwekwa na Fender hadi mwaka 1977. Kati ya miaka hiyo wapigaji waliisimamisha swichi katikati ya nafasi mbili kwa ustadi wa kidole ili pikapu mbili zilie pamoja, na sauti hiyo ikapendwa hata kiwanda kikaifuata.

#11 Kijana wa Bagamoyo

Nimekubali, na nashukuru kwa kunirekebisha.

#12 Mwana Ngamiani

Nimefungua nyuma. Springi ni tatu. Nafasi nyuma ya daraja ni milimita tano kasoro. Swichi yangu ni ya nafasi tano, na kwenye nafasi ya pili na ya nne mvumo wa umeme unapungua sana, sijui kwa nini.

#13 Mhandisi Sauti

Milimita tano ni nyingi. Fender hupendekeza takriban milimita 3 kwa daraja linaloelea. Kaza zile skrubu mbili ndefu zinazoshika kucha ya springi (kile chuma ambacho springi zimenasa), nusu mzunguko kwa kila moja, utyuni upya, upime, urudie. Usitarajie litulie kwa mara ya kwanza, maana kila waya unaougusa unazihamisha nyingine tano.

Kuhusu mvumo, kila pikapu ya aina hii ni koili moja ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye sumaku, na koili moja hunasa mvumo wa umeme wa majumbani kama redio inavyonasa kituo. Pikapu ya kati ya gitaa lako bila shaka imezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo ikilia pamoja na jirani yake mvumo unafutana na muziki unabaki. Magitaa ya miaka ya 1950 hayakuwa na jambo hilo. Aliyelitengeneza la kwako hakufuata zamani kwa kila kitu, na hapo alifanya vema.

#14 Fundi Umeme Makorora

Naingilia hapo kwenye mvumo, kwa sababu mambo mawili yanachanganywa, na moja linaweza kuua mtu.

Mvumo wa koili moja ni wa kawaida: ukiligeuza gitaa kuelekea upande mwingine wa chumba unapungua au unaongezeka. Lakini kama mvumo unapungua sana unapogusa nyuzi kwa mkono, na ukitoa mkono unarudi kwa nguvu, angalia kama amplifaya inapata erthi. Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na plagi yetu ina miguu mitatu kwa sababu maalumu. Nimekuta kumbi na nyumba nyingi ambazo tundu la tatu la soketi halijaunganishwa na kitu chochote ukutani. Amplifaya ikipata hitilafu ndani, mwili wa mpigaji unakuwa ndiyo njia, hasa akigusa nyuzi kwa mkono na maikrofoni kwa mdomo. Usikubali mtu akukatie mguu wa erthi ili kuondoa mvumo. Mwite fundi umeme apime soketi ya mahali mnapofanyia mazoezi kabla hujabadilisha pikapu hata moja.

#15 Dada wa Pangani

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo, na nashangaa kwamba ile kasoro inayomuuma ndugu yetu kuliko zote imepitwa na kila mtu. Amesema akivuta waya kuanzia freti ya 12 sauti inakatika. Kwa mpiga taarab, gitaa lisiloweza kuvutwa ni sawa na mwimbaji aliyepoteza pumzi. Udi na fidla hazina freti na zinazipata zile sauti za katikati bila taabu. Sisi tunaopiga gitaa njia yetu ni kuvuta waya, basi.

Chanzo chake ni umbo la ubao wa vidole. Ubao huo si bapa. Umeviringika kama kipande cha ganda la pipa. Kwenye magitaa ya zamani ya Fender mviringo huo ulikuwa mkali, nusu kipenyo chake kikiwa inchi 7.25, yaani takriban milimita 184, wakati mengi ya siku hizi yana inchi 9.5 au zaidi, yaani ubao bapa zaidi. Mviringo mkali unafurahisha kiganja unaposhika kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) kwenye freti za mwanzo. Lakini ukiusukuma waya wa kwanza kuelekea katikati, unaupandisha mgongo wa pipa, na kilele cha freti zilizo mbele yake kinakutana na waya na kuunyamazisha. Sauti haififii polepole. Inakatwa, kama alivyoeleza mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu, sehemu hiyo si ubovu na wala si uzembe wa aliyeliuza. Umenunua mtindo wa zamani pamoja na tabia zake. Dawa ninazozijua ni mbili. Ya kwanza ni kuinua nyuzi za juu kidogo: Fender kwa mviringo huo hutaja milimita 1.6 upande wa waya wa kwanza na milimita 2 upande wa waya wa sita, zikipimwa kwenye freti ya 17, na mimi langu nimeliweka juu zaidi ya hapo kwa makusudi. Ya pili ni kuzinoa freti za juu kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, ili freti za mwisho ziwe bapa kidogo kuliko za mwanzo. Hiyo ya pili mpe mtu anayeijua, maana chuma kikishaondoka hakirudi.

#16 Fundi Chumbageni

Dada wa Pangani ameeleza vizuri, lakini nina gitaa la mviringo uleule dukani kwangu sasa hivi na linavutwa hadi freti ya 17 bila kukatika. Mviringo peke yake hautoshi kueleza. Mara nyingi sehemu ya shingo iliyolala juu ya mwili imeinuka kidogo, kama mwisho wa jahazi, kwa sababu shingo haijakaa sawasawa kwenye mfuko wake. Wengine huchomeka kipande cha kadi upande mmoja wa mfuko ili kubadilisha pembe, halafu pale pasipo na kadi panabaki uwazi, na kwa miaka shingo inazama humo. Aitoe shingo aangalie kama kuna kadi.

#17 Dada wa Pangani

Nimechomeka ukanda mwembamba kwenye gitaa langu mwenyewe miaka sita iliyopita na halijainuka popote.

#18 Fundi Chumbageni

Lilete nilipime na rula ya chuma. Sikubishii kwa kukudharau, dada, nataka kuliona tu.

#19 Solo la Zamani

Mnazozana juu ya shingo na mviringo, nami narudi kwenye nyuzi, maana kuna jambo ambalo vijana hamkulikuta.

Zamani waya wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya mwingine, kama wa nne na wa tano. Ulikuwa mnene na mzito, na haukuvutwa kwa kidole hata kidogo. Nyuzi nyembamba zilizouzwa kama seti kamili zilianza kupatikana miaka ya 1960, huko Marekani. Sasa tazameni sumaku za pikapu za gitaa la mtindo wa zamani: vichwa vyake havilingani, na kile cha waya wa tatu kimechomoza juu kuliko jirani yake wa pili, kwa sababu kilitengenezwa kuutafuta ule waya uliozungushiwa. Ukifunga waya mtupu juu ya sumaku hiyo, sauti yake inaruka juu ya wenzake. Mwana Ngamiani, je, waya wako wa tatu unalia kwa nguvu kuliko mingine?

#20 Mwana Ngamiani

Mzee wangu, ndivyo ulivyo. Nilidhani ni mkono wangu.

#21 Mhandisi Sauti

Si mkono wako. Na hoja ya mzee inafungua mlango mwingine ambao nilipaswa kuutaja tangu mwanzo: sumaku zenyewe. Pikapu zikipandishwa karibu mno na nyuzi, sumaku zinauvuta waya na kuuzuia kutetema kwa uhuru. Matokeo yake ni nyuzi nene kusikika kana kwamba zina sauti mbili zinazogongana, na kusoma vibaya kwenye freti za juu, yaani dalili ileile niliyoieleza kwa daraja. Kandamiza nyuzi kwenye freti ya mwisho, kisha upime kutoka kichwa cha sumaku hadi chini ya waya: kwa pikapu za mtindo huu milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Zoezi hilo linataka bisibisi na dakika kumi.

#22 Binti Usambara

Kwa hiyo kasoro moja ya freti ya 12 sasa ina maelezo matatu: daraja, sumaku, na nyuzi zenyewe. Ningeongeza la nne. Pima kutoka kizingiti hadi katikati ya freti ya 12. Gitaa la umbo hili lina urefu wa kupigia wa inchi 25.5, yaani milimita 648, kwa hiyo nusu yake ni milimita 324. Kama kizingiti kimewekwa vibaya kiwandani, hata ukivirudisha nyuma vikalio hadi mwisho, freti za kwanza hazitapatana na za mwisho.

#23 Mpiga Besi Muheza

Naomba nami niulize. Ubao wa vidole mweusi wa magitaa haya ni mti gani? Babu yangu alikuwa seremala na amesema unafanana na mpingo.

#24 Mhandisi Sauti

Fender walianza kuweka ubao wa vidole wa rozwudi kwenye Stratocaster mwaka 1959. Kabla ya hapo shingo ilikuwa ya mepo peke yake. Rozwudi na mpingo wetu ni wa jenasi moja ya Dalbergia, kwa hiyo babu yako ameona undugu wa kweli. Nakala za bei nafuu, hata hivyo, hutumia miti mingine mbalimbali, na wa gitaa hili siwezi kuujua kwa maneno tu.

#25 Solo la Zamani

Inanipendeza kukumbuka kwamba Leo Fender alikuwa fundi redio huko Fullerton, California, na hakujua kupiga gitaa. Aliwasikiliza wapigaji waliokuja na malalamiko yao, akarekebisha, akawarudishia. Mafundi wetu wa redio wa Tanga nao walitutengenezea amplifaya kwa namna hiyohiyo.

#26 Kijana wa Bagamoyo

Mzee, na aliyefuta tremolo, yaani ule mbembeo wa daraja, kwa kuibana kwa kipande cha mbao ni Eric Clapton. Mwana Ngamiani anaweza kufanya hivyo: aongeze springi ziwe tano, daraja lilale juu ya mwili, matatizo ya kutyuni yaishe.

#27 Dada wa Pangani

Yataisha ya daraja. Ya kizingiti yatabaki. Na atapoteza ule mtetemo wa mwisho wa ubeti, ambao kwenye taarab unafaa sana ukitumiwa kwa adabu.

#28 Mwana Ngamiani

Wakuu, nimechukua siku tisa na nimefanya jambo moja kwa wakati, ili nijue lipi limeleta nini. Natoa taarifa.

Penseli kwenye mfereji wa waya wa tatu iliondoa ule mlio kwa siku tatu, kisha ukarudi kwa udogo. Mzee alinielekeza kwa simu nikautanue mfereji kwa waya uleule uliozungushiwa msasa laini, nikisugua kidogo na kuacha, na tangu hapo haujarudi. Nimezifunga upya nyuzi zote: vikazio vyangu ni vile vya zamani vyenye tundu kichwani, ambapo waya unakatwa kwanza na ncha yake kutumbukizwa ndani, nami nilikuwa nimezungusha mizunguko mingi iliyopandana. Sasa ni mitatu tu, inayoshuka chini kwa mpangilio.

Nimekaza kucha ya springi hadi nafasi ya nyuma ikawa milimita 3. Nyuzi zilishuka, freti ya 12 ikakaribia usahihi, lakini mkwaruzo wa freti za kwanza uliongezeka. Nimeshusha pikapu kama alivyoelekeza Mhandisi. Ule mgongano wa sauti mbili kwenye waya wa sita umekwisha, na waya wa tatu bado una nguvu kuliko wenzake ingawa si kama mwanzo. Kutoka kizingiti hadi freti ya 12 ni milimita 324, sioni kasoro.

Fundi umeme amepima soketi ya chumba chetu cha mazoezi na amekuta haina erthi. Tumehama chumba. Kwa hilo peke yake uzi huu umenilipa zaidi ya bei ya gitaa, na namshukuru Fundi Umeme Makorora kwa dhati.

Kilichobaki ni mkwaruzo wa freti za kwanza, na waya wa kwanza kukatika nikiuvuta kwenye freti ya 14 na ya 15. Freti ya 13 haikati. Ya 16 haikati.

#29 Fundi Chumbageni

Freti mbili tu? Basi mviringo ungekata kote, si hapo peke yake. Kuna freti ya mbele yake iliyoinuka, au shingo imeinuka juu ya mfuko. Na huo mkwaruzo wa mwanzo ni ufito, nimesema tangu siku ya kwanza.

#30 Dada wa Pangani

Freti moja iliyoinuka kwenye ubao wa inchi 9.5 usingeisikia. Kwenye 7.25 unaisikia. Kwa hiyo bado ni mviringo.

#31 Mhandisi Sauti

Na mkwaruzo wa mwanzo umeongezeka baada ya nyuzi kushuka, jambo linaloweza kuwa kimo cha vikalio tu. Inua kila kikalio robo mzunguko kabla ya kuitoa shingo.

#32 Mwana Ngamiani

Nitainua vikalio leo usiku. Nani hapa mjini ana fila ya milimita 0.3 na rula ya chuma iliyonyooka kweli?

#33 Solo la Zamani

Ninavyo vyote viwili. Njoo Jumamosi baada ya Alasiri, mwambie na Fundi Chumbageni afike, na Dada wa Pangani akipata usafiri alete gitaa lake lipimwe siku hiyohiyo. Usizilegeze nyuzi kabla hujafika. Shingo tutaipima ikiwa imebeba mzigo wake.